Jazi ni Chama: Majina ya Watu katika Nyimbo za Bendi za Dansi

Utangulizi

Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishikilia kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Kauli hiyo imerudiwa na wahakiki wa mapokeo kwa miaka mingi, hasa katika mabishano yao na watunzi wa mashairi huru baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Hata hivyo, aghalabu waliodai kuwa shairi hapana budi liimbwe hawakutega sikio pale lilipokuwa likiimbwa kweli kweli, kwa magitaa na saksafoni, katika kumbi za Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Mombasa na Nairobi. Taarabu ilipata heshima yake mapema, kwani Shaaban Robert mwenyewe aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Nyimbo za dansi ziliachwa mlangoni zikihesabiwa kuwa starehe za Jumamosi.

Makala haya yanakusudia kulitazama pengo hilo kwa kushika jambo moja dogo, nalo ni desturi ya mwimbaji wa bendi ya dansi kuwataja wenzake kwa majina katikati ya wimbo. Kila aliyewahi kuzisikiliza nyimbo hizi anaijua desturi hiyo. Beti zikimalizika na muziki ukishika kasi, mwimbaji humwita mpiga gitaa la solo kwa jina lake, humhimiza mpiga tumba, huwasalimu wenzake wa saksafoni, na mara nyingine humtaja kiongozi wa bendi au rafiki aliyeketi ukumbini. Ni rahisi kuyachukulia majina hayo kuwa vijazio tu vya kupamba mdundo. Sisi tunadai kinyume chake. Majina hayo ndiyo ufunguo wa nyimbo zenyewe. Yanatuambia kuwa anayesema katika wimbo wa dansi si mshairi mmoja bali ni chama, na kwamba asiyekijua chama hawezi kuufasiri wimbo kwa ukamilifu.

Jina lisilofanana na sauti

Msomaji aliyezoea jazi ya Marekani, ile ya Louis Armstrong au Duke Ellington, akizisikiliza santuri za Morogoro Jazz au Western Jazz atajiuliza jazi yenyewe iko wapi. Swali lake ni la haki. Sauti ya bendi zetu ilitokana zaidi na rumba ya Kuba, iliyofika Afrika tangu miaka ya 1930 kwa santuri mashuhuri za GV, na baadaye rumba ya Kongo. Katika Kongo kwenyewe mambo yalikuwa vivyo hivyo: African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyoundwa mwaka 1953, na OK Jazz ya mwaka 1956, zote zilipiga rumba. Huku kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria, Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga, muziki ulio jirani zaidi na nyatiti ya Wajaluo kuliko na tarumbeta ya New Orleans.

Kwa hiyo neno Jazz katika Afrika Mashariki halikuwa jina la aina ya muziki. Lilitaja namna ya watu kukusanyika: kundi lenye jina, vyombo vya kisasa, sare, uongozi, na mahali au taasisi ya kujinasibisha nayo. Yatazameni majina. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, kisha zikafuata Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga. Baada ya uhuru zikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mara nyingi jina la mji au la taasisi hutangulia, na Jazz hufuata. Mtu angaliweza kulifuta neno hilo na kuandika "chama cha muziki" pasipo kupoteza maana.

Ushahidi mwingine tunaupata kwa kulilinganisha neno hili na ndugu yake. Mnamo Novemba 1969 wakuu wa serikali katika Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul, wakiuona kuwa uchafu wa kigeni unaowaharibu vijana. Wakati huo huo bendi ya wafanyakazi wa taifa iliitwa NUTA Jazz, na hakuna aliyeliona jina hilo kuwa la kigeni. Maneno yote mawili yametoka kwa Wamarekani weusi. Tofauti ni kwamba jazi ilikuwa imekwisha kukaa miaka zaidi ya thelathini katika vyama vyetu, ilhali soul ilikuja kwa santuri na mavazi, ikapokewa na kijana mmoja mmoja. Jazi ilikuwa na wenyewe.

Nao wenyewe hawakuisahau ngoma. Bendi hizi zilikuwa na kile kilichoitwa mtindo, na majina ya mitindo mara nyingi yalitoka nyumbani. Mtindo wa NUTA Jazz, baadaye Juwata, uliitwa Msondo, na ule wa Mlimani Park Orchestra uliitwa Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za Wazaramo. Mkono mmoja ulishika jina la ng'ambo na mkono wa pili jina la unyago.

Chama kabla ya bendi

Chama hiki hakikuzaliwa na gitaa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi vikundi vya beni vilivyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vikaenea bara hasa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Vikundi kama Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo vilivyoigwa kutoka jeshi la wazungu, sare, gwaride, na matawi katika miji mingi. Mwanachama aliyehamia mji mgeni alipokewa na wenzake. Akiugua alitazamwa, akifa alizikwa. Beni lilikuwa shindano la ngoma, na papo hapo lilikuwa bima ya mtu asiye na ukoo mjini.

Mwanafunzi wa mambo ya Marekani hawezi kuisoma habari hii asikumbuke New Orleans. Huko nako, tangu baada ya utumwa kukomeshwa, watu weusi waliunda vyama vya kusaidiana vilivyotoza ada, vikawahudumia wagonjwa na kuwazika wafu. Vyama hivyo vilikodi bendi za matarumbeta. Bendi iliusindikiza mwili makaburini kwa nyimbo za polepole, na watu walipokwisha kuzika ilirudi mjini kwa mwendo wa kasi huku majirani wakiifuata wakicheza. Ndani ya desturi hiyo ilikulia jazi. Hatudai kuwa beni lilitoka New Orleans, wala kwamba kuna mtu aliyelibeba wazo hilo kuvuka bahari. Tunasema tu kuwa watu walionyang'anywa ukoo, huko kwa utumwa na huku kwa kazi za ukoloni, walitafuta ndugu wapya kwa njia inayofanana: wakaweka muziki mbele na mazishi nyuma yake.

Mahali tunapoachana ni katika bluzi. Amiri Baraka, akiandika mwaka 1963 kwa jina la LeRoi Jones katika Blues People, alieleza kuwa bluzi ilikuja na sauti ya mtu binafsi: mtu huru, aliye peke yake na gitaa lake, akiimba mashaka yake mwenyewe. Mhakiki akiichukua kanuni hiyo na kuitia katika dansi atapotoka. Dansi nayo imejaa "mimi" anayelalamika, lakini "mimi" huyo ana wenzake kumi na wawili nyuma yake, na kabla wimbo haujakwisha atawataja.

Umbo la wimbo na mahali pa majina

Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, yenye beti na kisa. Ya pili ni ya kasi; maneno yake hupungua, kiitikio hurudiwa, magitaa hujibizana na pembe huingia. Katika sehemu ya kwanza mwimbaji huwakilisha mtu fulani: mume aliyeachwa, mwana anayemwomba baba radhi, mfanyakazi aliyefukuzwa. Katika sehemu ya pili huivua sura hiyo na kurudi kuwa yeye mwenyewe, mwanachama miongoni mwa wanachama. Majina ndiyo alama ya mpito huo.

Tuutwae mfano wa Sina Makosa, wimbo wa Les Wanyika uliovuma tangu mwaka 1979. Msemaji anajitetea mbele ya mtu anayemchukia, na anamkumbusha kuwa kila mmoja wao ana wake nyumbani. Kwa kisa pekee wimbo huu ni mdogo. Tungeupa wanafunzi kama shairi karatasini wangeumaliza kwa dakika kumi. Lakini kisa hakisimami peke yake. Gitaa la solo na la kati husemezana kwa utulivu ambao mlalamikaji hana, na besi huacha mapengo pale ambapo sikio linaingoja. Mtu anayejitetea huku wenzake wakimzunguka kwa upole namna hii hawi mpweke. Utetezi wake umekwisha kusikilizwa na kukubaliwa na chama kabla haujamfikia anayemlaumu. Hiyo ni maana ya wimbo, na haimo katika beti.

Wapo watakaosema kuwa kutaja majina si jambo geni katika Kiswahili. Ni kweli. Watunzi wa tenzi, wanapofika ukingoni, hujitaja jina, na mara nyingine nasaba, mji na tarehe, ili kazi isipotee mwenyewe. Lakini mtunzi wa utenzi hujitaja yeye. Mwimbaji wa dansi huwataja wengine, tena huwataja wakiwa kazini, kila jina likifuatwa na sauti ya mwenye jina. Jina huitwa, gitaa huitika. Katika utenzi jina ni sahihi ya mwenye mali. Katika dansi ni wito na itiko, kama katika ngoma.

Desturi hii ilitoka ukumbini ikaingia redioni. Vipindi vya salamu na nyimbo za maombi, katika Sauti ya Kenya na Redio Tanzania, viliwapa wasikilizaji nafasi ya kutuma orodha za majina ya ndugu na marafiki, wimbo ukawekwa kwa ajili yao. Msikilizaji wa Eldoret au Kitale ambaye hajapata kuiona Dar es Salaam aliandika orodha yake kwa mtindo ule ule aliousikia katika sehemu ya kasi ya wimbo. Kenya ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kabla ya hapo, katika miji ya nyanda za juu kama huu wetu, uliokua kando ya reli iliyoufikia mwaka 1924 na kukusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili cha mapenzi, cha msamaha na cha lawama kilikuwa kimekwisha kufundishwa na bendi hizi bila kitabu.

Chama na bwana wake

Yafaa sasa tuulize chama hiki kilikuwa cha nani. Huko Chicago, mwaka 1965, wanamuziki weusi wa jazi waliunda jumuiya yao iitwayo AACM, wakatoa ada zao wenyewe, wakajiandalia maonyesho na kufungua shule ya muziki kwa vijana wa mitaa yao. Katika Tanzania mambo yalikwenda vingine. Chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi au shirika la umma lilinunua vyombo na kumwajiri mwanamuziki kwa mshahara. Alipoondoka, aliliacha gitaa. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilihamia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji mwaka 1983, na herufi DDC zikatangulia jina lake.

Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa mwanamuziki wa namna hii ni kipaza sauti cha serikali. Zipo nyimbo za kuthibitisha hivyo, za kusifu Azimio la Arusha na za vita vya Kagera. Lakini mpango huo ulikuwa na faida ambayo hatuna budi kuikiri: bendi haikufa na mtu. Muhidin Gurumo aliihama Juwata mwaka 1978 akaenda kuianza Mlimani Park, na baadaye akarejea. Watu waliondoka, jina likabaki. Bendi iliyoanza kama NUTA Jazz ilibadilishwa jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa lake, hadi ikaitwa Msondo Ngoma, na ilikuwa ingali ikipiga Gurumo alipofariki mwaka 2014. Ushindani wa Msondo na Sikinde uliwagawa mashabiki wa Dar es Salaam kama Marini na Arinoti walivyowagawa babu zao.

Katika Kenya, ukiziondoa bendi za majeshi kama Maroon Commandos, mwanamuziki hakuwa na mfadhili wa namna hiyo. Aliishi kwa hoteli na kwa kampuni za santuri. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kuijenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na baada yao wakazuka Wanyika wengine. Mbaraka Mwinshehe naye, alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, alikuwa amejenga chama juu ya nguzo moja. Ajali ya gari iliyomuua karibu na Mombasa, Januari 1979, iliiangusha na nyumba yenyewe.

Soko lilibadilisha hata umbo la wimbo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo mrefu kwa upande mmoja, hivyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Aliyetaka kisa alisikiliza upande mmoja. Aliyetaka kucheza aligeuza. Beti zilitenganishwa na majina. Tunashuku kuwa mazoea ya kuyaona majina kama nyongeza yalianzia hapo, kwenye kidole kilichogeuza santuri.

Wasiotajwa

Chama kina mlango, na mlango una walio nje. Katika sehemu ya kasi ya nyimbo hizi wanaoitwa ni wanaume. Wanawake nao wana majina katika dansi, lakini mahali pengine: katika vichwa vya nyimbo. Georgina na Zuwena za Marijani Rajab, Paulina ya Les Wanyika, na nyingine nyingi. Tofauti hii ni kubwa. Jina la mwanamume huitwa ili aitike kwa chombo chake. Jina la mwanamke huitwa ili asihiwe, alaumiwe au atamaniwe, na wimbo haumpi nafasi ya kuitika. Tukumbuke kuwa katika taarabu, tangu enzi za Siti binti Saad, mwanamke ndiye aliyeshika wimbo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa lugha au dini ndiyo iliyomzuia. Ni muundo wa chama cha dansi, kilichorithi vyeo vya kijeshi vya beni na kambi za wafanyakazi wanaume, ndio uliomfanya awe mada badala ya mwanachama. Mhakiki anayekisifu chama bila kulisema hili anahakiki nusu ya ukumbi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa neno Jazz kwetu lilikuwa jina la chama. Kwamba chama hicho kina asili katika beni na ndugu wa mbali huko New Orleans. Na kwamba majina yanayoitwa katika sehemu ya kasi ya wimbo ndiyo alama yake ya kifasihi.

Wanafunzi wetu hapa Eldoret wanapopewa kazi ya kunakili wimbo wa dansi, hukoma pale beti zinapokoma. Wanachokileta ni shairi la mtu mmoja, mara nyingi shairi dhaifu, nao huhukumu kuwa dansi ni sanaa hafifu. Lawama si yao. Mtaala wa fasihi simulizi umewafundisha kuzigawa nyimbo kwa shughuli zake, za kazi, za jandoni, za bembea, na dansi haina shughuli inayotambulika humo. Tunapendekeza kwamba kila unukuzi wa wimbo wa dansi katika idara zetu uendelee hadi sauti ya mwisho, uandike kila jina linaloitwa, na kando yake uandike chombo kinachoitika.

Kazi hii ina haraka yake, tena si ya kifasihi tu. Lebo ya santuri ilichapa jina la bendi na la mtunzi. Mpiga gitaa la kati, mpiga besi na mpiga tumba hawakuandikwa. Wengi wao wamefariki, na vizazi vyao vinapouliza ni nani aliyepiga nini, ili wadai haki au angalau heshima, mara nyingi hakuna daftari la kufungua. Kwa wengi wao, sauti ya mwenzao akiwaita katikati ya wimbo ndiyo kumbukumbu pekee kwamba walikuwapo kazini usiku ule. Wanaoweza kuyatambua majina hayo kwa kusikia wanapungua kila mwaka. Idara ya Kiswahili inayo masikio na wanafunzi wa kutosha kuyaandika kabla hawajakwisha.